Kompyuta au wapigaji: wimbo wako uurekodi kwa njia ipi?

Mashairi unayo, melodi unayo, na pande mbili zinakuvuta. Upande mmoja kuna prodyuza mwenye kompyuta na kipaza sauti chumbani kwake, anayekuambia njoo leo jioni, kesho utoke na wimbo. Upande wa pili kuna mpiga gitaa wa zamani anayekuambia wimbo kama huu unataka watu, siyo mashine. Wote wawili wana hoja, na nimeona wasanii wakifanya vizuri kwa njia zote mbili.

Wengi huamua kwa kuangalia mfuko. Mfuko una haki yake, lakini nakushauri usianzie hapo. Kila chombo kina mambo kinayokuamulia kabla hujafungua mdomo: mapigo yatagawanywa vipi, noti zipi zinapatikana, nani atakupinga ukikosea. Kompyuta ina maamuzi yake na bendi ina yake. Ukiyajua mapema utachagua njia inayoufaa wimbo. Usipoyajua, chombo kitatunga na wewe utafuata.

Ala zilikuwa za nani

Kabla ya kulinganisha sauti, tukumbuke kompyuta ilibadilisha nini hasa. Tanzania ya miaka ya 1960 hadi 1980 bendi nyingi kubwa za dansi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi nalo. Magitaa, ngoma, saksofoni na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki akihama aliondoka na kipaji chake tu. Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na mara nyingi wimbo ulifika studio ukiwa umeshachezwa ukumbini hadi wapenzi wanaujua. Waliotaka santuri wengi walifunga safari hadi Nairobi.

Katika mpango huo, kijana asiye na bendi hakuwa na pa kuingilia. Miaka ya 1990 zilipofunguliwa redio binafsi, na watu kama Master Jay na P-Funk Majani wakaanzisha studio zao, kijana wa mtaani aliweza kuingia na daftari lake la mistari akatoka na wimbo. Bongo Fleva isingezaliwa bila kinanda cha umeme na kompyuta. Anayesema kompyuta imeua ubunifu amesahau kizazi kizima ambacho kabla yake kisingesikika kabisa. Hilo nalisema kwa uzito, maana wazee wetu wa dansi wakati mwingine huliruka.

Fedha na muda

Njia ya kompyuta inahitaji kompyuta yenye nguvu ya wastani, hedifoni nzuri, kipaza sauti na kadi ya sauti ya nje. Programu zipo za bure: Audacity ya kurekodi na kukata, LMMS ya kutengeneza biti. Inayotawala vyumba vingi ni FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops. Ukiinunua, matoleo yote yajayo unayapata bila kulipa tena. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Toleo lake la chini kabisa halirekodi sauti ya mwimbaji, kwa hiyo mwimbaji anahitaji toleo la juu yake. Na toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, ila hutaweza kuifungua tena ukaendelea mpaka ulipie. Kuna waliofanya kazi usiku kucha ndipo wakaligundua hilo asubuhi.

Njia ya wapigaji ina gharama nyingi zaidi: malipo ya mpiga besi, wa magitaa, wa ngoma, nauli zao, chakula, siku za mazoezi, na studio yenye chumba kikubwa na vipaza sauti vya kutosha. Vyumba vya namna hiyo ni vichache na vina foleni.

Kwenye muda, hesabu si rahisi kama inavyoonekana. Bendi iliyofanya mazoezi vizuri hurekodi wimbo ndani ya siku moja kwa sababu maamuzi yote yalishafanyika mazoezini. Kompyuta inakuanzisha haraka, halafu haikumalizi: kuna sauti mia tatu za kiki, ile ngoma kubwa ya chini, za kuchagua, na kila siku unaona ya jana ilikuwa bora. Kama wewe ni mtu wa kusitasita, njia ya "haraka" inaweza kukuchukua miezi.

Mapigo

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo naomba usome polepole.

Ukifungua FL Studio, cha kwanza kukutana nacho ni mstari wa vitufe 16 kwa kila ala. Unabonyeza kitufe, pigo linalia hapo, usipobonyeza, kimya. Kumi na sita ni mapigo manne, kila moja likigawanywa mara nne. Kwa hip hop, kwa Bongo Fleva ya kawaida, kwa muziki wa klabu, ni sawa kabisa. Sasa jaribu kuweka chakacha. Chakacha ya pwani inakwenda kwa sita kwa nane, mapigo yanagawanyika kwa tatu, na yale 16 hayagawanyiki kwa tatu. Kijana asiyejua ataisukuma chakacha mpaka iingie kwenye 16, na bibi yake akiisikia atasema imefanana lakini siyo. Suluhisho ni dogo: badilisha urefu wa patani, yaani kile kipande cha mapigo kinachojirudia, uwe hatua 12. Dakika moja tu. Lakini lazima ujue kwamba 16 lilikuwa chaguo la programu, hukulichagua wewe. Ngoma nyingi za kwetu zina mgawanyo wa tatu ndani yake, na ninaamini kabisa kwamba kinachozifanya zisisikike kwenye nyimbo mpya ni ile mistari ya vitufe 16 zaidi ya kukosa mapenzi ya vijana.

Jambo la pili ni kunyoosha. Ukipiga kibodi kwa mkono, kompyuta inaweza kulivuta kila pigo hadi kwenye mstari ulio karibu. Roger Linn, Mmarekani aliyetoa mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980, aliliweka hilo ndani ya mashine yake, na pamoja nalo akaweka njia ya kuchelewesha kidogo mapigo ya katikati ili mdundo uyumbe kama wa binadamu. FL Studio inayo pia: kitufe cha kuzungusha kinachoitwa swing, juu ya ile mistari ya vitufe. Biti nyingi za mtaani zinatoka kitufe hicho kikiwa sifuri, hakijaguswa.

Mashine yenyewe hailazimishi mdundo mkavu. J Dilla wa Detroit, aliyefariki 2006, alipiga ngoma za mashine ya MPC kwa vidole na mara nyingi aliacha kuzinyoosha. Kiki inachelewa kidogo, sneya inawahi, na wimbo mzima unaegemea nyuma kwa utamu ambao wapiga drum wa kweli walikuja kujifunza kutoka kwake. MPC yake leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi mjini Washington. Mtu aliishika mashine akaigeuza iwe mkono wake.

Tatu ni uzito wa pigo. Lugha ya MIDI, ambayo vyombo vya umeme hutumia kuzungumza tangu 1983, hupima nguvu ya kila pigo kwa namba kuanzia 0 hadi 127. Zinatosha kwa kinanda. Ngoma ya ngozi ina mambo mengine: mpigaji ameipasha moto hadi ikakaza, anapiga katikati halafu ukingoni, anakandamiza kwa kiganja sauti ipande, anateleza kidole. Namba ya nguvu haiyabebi hayo. Ukitaka ngoma ya kweli, mrekodi mpiga ngoma. Sampuli ya ngoma iliyorudiwa mara mia mbili ndani ya wimbo mmoja sikio linaijua, hata kama mwenye sikio hawezi kusema kasoro iko wapi.

Singeli inakataa ubishi

Nimeisifu ngoma ya ngozi, na sasa ni lazima niitendee haki kompyuta, kwa sababu uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, ilitumika kuzaa kitu ambacho hakikuwepo popote. Kabla ya singeli palikuwa na mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyokwaruza, kwenye shughuli za mtaani za usiku. Walipopata kompyuta, watayarishaji walikata vipande vya vinanda vya taarab ya kisasa, wakavizungusha, wakavikimbiza. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, robo ya pigo ni sekunde 0.075. Mkono wa binadamu hauwezi kushikilia hivyo usiku mzima bila kulegea. Kompyuta inaweza, na MC anapata ardhi inayokimbia ya kumwagia maneno.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na watayarishaji wa huko wakaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Hawakuwa wamejaribu kufanana na bendi wala na Marekani. Walichukua kitu ambacho kompyuta inafanya kuliko mtu yeyote, kasi na marudio, wakakisukuma hadi mwisho. Wimbo wako ukiwa wa namna hiyo, bendi itaurudisha nyuma. Nenda kwa prodyuza.

Noti zilizo kati ya noti

Mwimbaji wa taarab asilia, sehemu hii ni yako zaidi ya wote.

Kinanda kina noti 12 katika oktavu moja, na programu zote za kawaida zimejengwa juu ya 12 hizo. Udi na fidla hazina vizuizi kwenye shingo, kwa hiyo kidole kinatua popote. Ganuni ina vijiti vidogo vya chuma kando ya nyuzi ambavyo mpigaji huvipindua kupandisha au kushusha noti kwa kiasi kidogo kuliko nusu. Hiyo ndiyo sababu maqam, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, zinakaa sawasawa ndani ya ala hizi. Chukua maqam ya Rast inayoanzia do: noti yake ya tatu iko kati ya mi na mi iliyoshushwa. Kinanda hakina mahali pa kuiweka.

Sasa ingiza programu ya kunyoosha sauti. Auto-Tune ilitolewa 1997 na Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Inapima kimo cha sauti yako na kuivuta hadi kwenye noti inayoruhusiwa iliyo karibu. Ikiwa zinazoruhusiwa ni zile 12, basi ile noti ya tatu ya Rast, uliyofundishwa kwa miaka na uliyoipata barabara, programu inaihesabu kuwa kosa. Ikiivuta juu, Rast inageuka skeli ya meja kama ya tenzi za kanisani. Ikiivuta chini, inageuka kitu kingine cha huzuni ambacho hukukikusudia. Prodyuza aliyekulia kwenye hip hop hataona tatizo lolote, maana kwa sikio lake sasa ndiyo "imekaa".

Njia ya kujikinga ipo. Mwambie kabla ya kurekodi kwamba sauti haitanyooshwa, au azime kunyoosha kwenye zile noti ambazo maqam inazigeuza. Kwenye FL Studio kila noti ya kinanda inaweza kushushwa kwa senti, yaani sehemu za mia za nusu toni, na senti 50 ndiyo robo unayoitafuta. Vipo pia vinanda vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vyenye vitufe vya kushusha noti kwa robo. Lakini ni kazi ya noti moja moja, na mpiga udi mmoja anaimaliza kwa kusikiliza tu. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi udi, ganuni na fidla, kwa hiyo wapigaji wasio wazee wanapatikana, na wengi wao wanaijua kompyuta pia.

Taarab ya kisasa ya rusha roho iliamua kukaa na kinanda, melodi zake zikajipanga kufuata 12, na watu wanaipenda kwa dhati. Ilikuwa ni kuchagua. Mimi napigania tu kwamba uchague ukiwa unajua.

Nani atakupinga

Kwenye kompyuta unaweza kufuta, kurudi nyuma, kukata neno moja na kulibandika. Ni uhuru mkubwa kwa anayejifunza, na kwa mwimbaji mwoga ni ukombozi. Kinachokosekana ni mtu wa kukuambia hapana. Dansi ilitungwa na watu waliokuwa wakisikilizana: gitaa la solo linauliza, la pili linajibu, la ridhimu linashikilia, tarumbeta zinaingia, na mwimbaji anapomaliza hadithi yake wanageuka wote pamoja kuingia kwenye chemko, sehemu ya mwisho iliyochangamka. Mgeuko huo haukuandikwa popote. Ulitokana na mpiga besi kumtazama mpiga ngoma. Ukitunga peke yako na kipanya, utaweza kuiga chemko kwa kuongeza kasi, lakini mawazo yote yatakuwa yako, na mtu mmoja huishiwa.

Jukwaani nako njia hizi zinaachana. Wimbo wa kompyuta unasafiri kwenye flashi. Utaimba popote penye spika, gharama ni nauli yako. Wimbo wa bendi unataka bendi, au utapiga pleibeki ya watu ambao hawapo. Lakini kwenye ukumbi wa hoteli, sherehe za harusi zenye bajeti na matamasha kama Sauti za Busara, ambayo yamejijenga juu ya muziki wa kupigwa mubashara, flashi haitoshi.

Na hizi programu zinazotunga zenyewe?

Suno na Udio hukupa wimbo mzima, sauti ya mwimbaji ikiwemo, ukiandika sentensi mbili. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki zilizishtaki programu hizo huko Marekani zikidai zimefunzwa kwa nyimbo zao bila ruhusa, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya picha iliyotengenezwa na mashine, ilishikilia kwamba mtunzi chini ya sheria yao ya hakimiliki ni lazima awe binadamu. Kwa msanii anayetaka kusajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kuila miaka ijayo, mimi naiona ni njia mbaya. Tangazo la duka, sawa. Wimbo wako, hapana.

Basi, kwa hali yako

Unarap, unaimba Bongo Fleva, unafanya singeli, au huu ni wimbo wako wa kwanza na hata wewe hujajua sauti yako: nenda kwenye kompyuta. Tumia programu ya bure kwanza. Biti utengenezewe, usichukue ile ya kukodi mtandaoni, kwa sababu ya kukodi kwa leseni ya kawaida huuzwa kwa wengine pia, na siku moja utaisikia chini ya wimbo wa mtu mwingine.

Unaimba taarab asilia au dansi, au mdundo wako umetoka kwenye ngoma ya kwenu: tafuta wapigaji, hata kama itabidi usubiri miezi ukichanga. Watatu wazuri wanatosha.

Kwa waliobaki, ambao ni wengi, ningechagua mchanganyiko, na utaratibu wake una maana. Jenga mifupa ya wimbo kwenye kompyuta: kasi, kodi (noti zinazolia pamoja), kiki. Kisha mlete mpigaji mmoja. Ukiniuliza aanze nani, nitasema mpiga gitaa la ridhimu au mpiga ngoma, maana hao ndio wanaoufanya wimbo upumue. Solo inaweza kuja baadaye. Kadi ya sauti iwekwe kwenye bafa ndogo, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulichakata kwa mkupuo, vipimo 128 badala ya 512, ili asikie anachopiga ndani ya milisekunde tatu hivi na si kumi na mbili. Ucheleweshaji ule wa pili ndio unaomfanya mpigaji mzuri aonekane mbovu. Apige wimbo mzima mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, usimwambie apige kipande ukakirudia. Akimaliza, usimnyooshe. Zisogeze ngoma za kompyuta zimfuate yeye.

Na kabla hujalipa fedha ya mwisho, iwe ni kwa prodyuza au kwa studio ya bendi, dai kila ala kwenye faili lake la WAV pamoja na lile la sauti yako bila kunyooshwa, na muandikishane nani ametunga melodi na nani ametunga biti.